Nimewafanyia Wazungu Homuweki ya Takwimu Miaka Miwili, ya Mathe Nikaikosa

Hii stori nimeikalia muda mrefu kwa sababu inanionyesha mjinga, na hakuna mtu anapenda kujianika bure. Lakini wiki jana binamu yangu, yuko mwaka wa kwanza chuoni, aliniuliza kama kuna haja ya kutoa jasho na homuweki ya takwimu wakati simu yake inaimaliza kabla chai haijapoa. Nilifungua mdomo nimrushie jibu la haraka haraka, nikakumbuka friji ya mathe, nikafunga mdomo. Nikamwambia nitamjibu. Jibu ndilo hili, na najua si yeye peke yake anayeuliza.

Wacha nianze na dhambi. Kati ya 2021 na mwisho wa 2022 nilifanya homuweki za takwimu zaidi ya 300. Zangu mwenyewe, za darasa langu, hazifiki 15. Hizo zingine zote zilikuwa za wanafunzi wa Marekani ambao sijawahi kuwaona hata kwa picha. Kama umeishi karibu na chuo chochote hapa Nairobi, hiyo kazi unaijua. Unakodi akaunti ya msee aliyeifungua zamani, anakukata asilimia 30, unakesha ukingoja oda, dedlaini inahesabiwa kwa saa za kwao, wewe unaenda kulala saa kumi na moja asubuhi majirani wakiamka. Wengi walikuwa wanaandika insha. Mimi insha zilinichosha, nikajichimbia kwenye takwimu ju hapo jibu ni sahihi au si sahihi, hakuna mtu wa kukurudishia kazi ati haina mvuto. Dola 8, dola 12, siku njema dola 20 kwa seti ya maswali kumi. Ilinilipia keja mihula mitatu. Sitajifanya eti dhamiri ilikuwa inaninyima usingizi. Oda ndizo zilikuwa zinaninyima usingizi.

Na maswali yenyewe, manze, yalikuwa yale yale. Pizza inafika kwa wastani wa dakika 30, mkengeuko sanifu ni dakika 5, ni asilimia ngapi ya wateja watangoja zaidi ya dakika 40? (Mkengeuko sanifu ni jina la kitabuni. Darasani kila mtu anasema stendadi divieshoni, na nusu yao hawajui ni nini.) Unatoa 30 kwa 40, unagawanya kwa 5, unapata 2, unaenda kwa jedwali, jibu ni kama asilimia 2.3. Kesho yake pizza imegeuka balbu, balbu ikageuka urefu wa wanaume kwa inchi, inchi zikageuka alama za mchezo wa besiboli ambao hadi leo sijui unachezwaje. Kuna orodha moja ya magari 32 ya mwaka 1973 na 1974, ilitolewa kwa jarida la Marekani linaloitwa Motor Trend, na wahadhiri wa huko wanaipenda kama nini. Nimeikokotoa mara nyingi sana hadi nakumbuka gari la kwanza kwenye orodha ni Mazda RX4 na linaenda maili 21 kwa galoni. Sijawahi kuiona hiyo Mazda.

Nilikuwa na faili moja ya Excel ya kufanyia kila kitu. Naweka namba, majibu yanatoka. Maelezo nilikuwa nimeyaandika mapema, nabadilisha tu pizza iwe balbu. Swali ambalo mwanzoni lilinichukua saa nzima likawa linanichukua dakika 6. Nikajiona mimi ndiye baba yao wa takwimu.

Ngoja niwape kastori kadogo hapa. Kuna kipimo kinaitwa t, kila anayesoma takwimu za kuanzia lazima akutane nacho. Kilitengenezwa na jamaa mmoja, William Sealy Gosset, aliyekuwa ameajiriwa na Guinness kule Dublin. Ndiyo, Guinness ile ile. Shida yake ilikuwa ya kazini: alikuwa anapima vitu vya kutengenezea pombe, lakini vipimo alivyonavyo ni vichache, na hesabu za wakati huo zilikuwa zinataka vipimo vingi. Akatafuta njia ya kujua unaweza kuamini kiasi gani kitu ulichokipima mara chache tu. Alipoitoa mwaka 1908 kampuni haikuwa inaruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao, kwa hivyo akajiita "Student". Mwanafunzi. Mimi nilipenda sana hiyo stori ju nilikuwa naishi kinyume chake: mwanafunzi wa ukweli, anayeandika kwa jina la mtu mwingine. Tofauti ni kwamba Gosset alikuwa anajua anachopima.

Swali ambalo nataka ulikumbuke ni hili. Lilinijia mara nyingi sana, kila mara na majina tofauti. Kampuni ina wafanyakazi 9, kila mmoja analipwa dola 40,000 kwa mwaka. Mwenye kampuni anajilipa 400,000. Tafuta wastani na mediani, kisha ueleze ni ipi inaonyesha vizuri mshahara wa mtu wa kawaida hapo.

Wastani: jumlisha zote, ni 760,000, gawanya kwa 10, unapata 76,000. Mediani: zipange kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati, ni 40,000. (Mhadhiri wetu alikuwa anaitamka kama Midiani, ile nchi aliyokimbilia Musa, na darasa zima tulikuwa tunacheka chini ya meza.) Maelezo yangu niliyoyaandika mapema yalikuwa safi: mediani ndiyo bora, kwa sababu wastani umevutwa juu na namba moja kubwa, hakuna mtu hata mmoja katika hiyo kampuni anayelipwa 76,000. Hiyo sentensi ya mwisho nilikuwa naringa nayo. Wateja walikuwa wanapata alama zote. Mmoja aliniongezea dola 5 juu yake.

Kitu cha kwanza kuniambia kwamba sijui ninachofanya kilikuwa mteja mwenyewe. Alikuwa na mtihani kesho yake, wa kukaa mbele ya kamera, kwa hivyo singeweza kumfanyia. Akaniomba nimfundishe kwa kuandikiana. Tukaenda vizuri hadi tukafika kwa mkengeuko sanifu wa sampuli, akauliza: kwa nini unagawanya kwa n kutoa 1? Kwa nini si n tu?

Nilikuwa nimefanya hiyo hesabu mara mia na zaidi. Sikuwa na jibu. Nikamwandikia "ndiyo fomula ilivyo", akaniambia asante, na nikajua amejua.

Nilikaa na hilo swali siku mbili. Jibu lenyewe si ngumu, ni vile hakuna mtu alikuwa amenilazimisha kulitafuta. Chukua namba 3 ambazo wastani wake ni 10. Nikikwambia ya kwanza ni 7 na ya pili ni 11, ya tatu huwezi kuichagua tena. Lazima iwe 12, la sivyo wastani hauwi 10. Kwa hivyo ukishatumia namba zako kutafuta wastani, halafu unapima kila moja imeachana na huo wastani kiasi gani, moja kati yao haina uhuru, inafuata tu wengine. Umebaki na habari mpya za namba mbili. Alafu kuna hii nyingine: wastani uliutoa kwa namba hizo hizo, kwa hivyo uko karibu nazo kuliko ule wastani wa ukweli wa watu wote, na ukigawanya kwa n utaona kama mtawanyiko ni mdogo kuliko ulivyo. Kutoa 1 ni kurekebisha hiyo. Nilipoelewa nilicheka peke yangu kejani. Miezi kadhaa nalipwa kwa kitu, na sijawahi kukiuliza jina.

Lakini sikujifunza. Nilifikiri nimeziba hilo shimo moja na yamekwisha.

Sasa twende kwa mathe. Mathe anauza samaki wa kukaanga jioni, kibanda chake kiko karibu na steji, na wateja wote wanamuita Mama Samaki hata mapasta. Anaamka alfajiri kwenda Gikomba, anarudi na mzigo, anasafisha, anakaanga, kufika saa nne usiku anahesabu. Kila siku anaandika kwa daftari la shule la kurasa 96: tarehe, mtaji, faida. Ameandika hivyo tangu niwe darasa la nne. Mimi nimesoma vitabu vya takwimu na sijawahi kuona data safi kama ya lile daftari.

Mei 2022 alipata friji kuukuu ya mtu anayehama. Shilingi elfu 9. Angekuwa nayo, samaki waliobaki hawaharibiki, na angeweza kununua wengi siku bei iko chini. Pesa hakuwa nayo mkononi, lakini kulikuwa na mkopo wa simu: unachukua 9,000, unarudisha 10,500 kwa siku 30, yaani 350 kila siku. Akaniita.

"Si wewe ndiye unasomea mambo ya hesabu? Ebu niangalilie kama nitaweza."

Nilifurahi, niwaambie ukweli. Miaka yote amenilipia karo, leo ananiuliza kitu. Nikachukua daftari, nikajumlisha faida za mwezi wa nne wote. Siku 30, jumla 23,100. Gawanya kwa 30, wastani ni 770 kwa siku. Kwa hiyo pesa anatoa 300 ya chakula cha nyumba, inabaki 470. Mkopo unataka 350. Kila siku anabakisha 120 mfukoni. Nilimwandikia hata kwa karatasi, nikapiga mstari chini ya 120 mara mbili kama vile tulifundishwa shuleni.

"Utaweza, na itabaki," nikamwambia.

Akachukua tarehe 8.

Wale mko macho mmeshaona. Wacha niwaonyeshe kilichokuwa ndani ya hiyo 770, kile ambacho ningeona kama ningetazama kurasa badala ya kuzijumlisha tu. Kuanzia tarehe 28 hadi tarehe 5, watu wana mishahara, na mathe anapata faida ya kama 1,650 kwa siku. Hizo ni siku 8. Kuanzia tarehe 6 hadi 27, mtaa umekauka, anapata kama 450. Hizo ni siku 22. Piga mwenyewe: 8 mara 1,650 ni 13,200, na 22 mara 450 ni 9,900. Jumla ni ile ile 23,100. Wastani ni ule ule 770. Ila hakuna siku hata moja katika mwezi wa nne mathe alipata 770, wala kitu karibu na 770. Siku mbovu hazikufika 600, siku nzuri hazikushuka chini ya 1,300. Hapo katikati ni jangwa.

Sensa ya 2019 ilisema wastani wa kaya moja hapa Kenya ni watu 3.9, na hakuna mtu ameenda kutafuta familia ya watu 3.9. Sote tunaelewa ni namba ya kupangia mambo ya nchi. Lakini mimi nilimpa mathe namba ya siku ambayo haipo na nikamwambia aishi nayo.

Siku ya kawaida ilikuwa hivi. Faida 450, toa 300 ya chakula, inabaki 150. Mkopo unataka 350. Pungufu ni 200. Na mkopo ulianza tarehe 8, ikimaanisha siku 20 mfululizo za aina hiyo kabla ya mshahara kuingia mtaani. Mara 20, ni shimo la elfu 4. Ndiyo, kuanzia tarehe 28 pesa ingekuja ya kuziba hilo shimo na kubakisha. Kwa mwezi mzima hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa, na hiyo ndiyo inaniuma. Lakini mkopo haukuwa wa mwezi mzima, ulikuwa wa kila siku, na simu ilikuwa inaita saa mbili asubuhi.

Wiki ya kwanza alilipa kwa kukopa jirani. Wiki ya pili akaanza kutoa kwa mtaji. Hapa ndipo mambo yanaharibika kwa njia ambayo hakuna homuweki yangu iliwahi kunionyesha. Mtaji wake wa kila siku ulikuwa kama 3,000. Akitoa 200 leo, kesho ananunua samaki wachache, faida inashuka, pungufu inakuwa kubwa, keshokutwa anatoa 300. Namba zilikuwa zinakulana. Tarehe 20 alienda Gikomba na 1,200. Faini za kuchelewa zikaingia. Tarehe 28 ilipofika, watu wametoka kazini na pesa, wamepanga foleni kwa mathe kama kawaida yao, sinia lilikuwa na samaki 9. Waliisha kabla ya saa moja na nusu. Alikaa na mafuta yake ya moto akiwaambia watu poleni, kesho. Na kesho yake hivyo hivyo. Wateja wakagundua kuna mama mwingine upande ule wa barabara.

Friji tuliiuza mwezi wa sita kwa 6,500. Ilikaa na sisi wiki tano.

Mathe hakunilaumu hata siku moja. Alisema, "Hesabu yako ilikuwa sawa. Ni samaki walikosea." Alikuwa anatania, nikacheka, nikaenda choo nikakaa huko muda mrefu.

Usiku huo huo nilikuwa na oda. Nilifungua laptopu, swali la tatu lilikuwa la kampuni na wafanyakazi wake na mwenye kampuni anayejilipa mara kumi. Nikatoa maelezo yangu: hakuna mtu hata mmoja katika hiyo kampuni anayelipwa huo wastani. Nikayatazama. Mimi ndiye nimeyaandika. Nimeyauza labda mara 30. Nilikuwa na dawa ya ugonjwa wa mathe kwa faili, imeandikwa kwa Kiingereza kizuri, na wiki tano kabla nilikaa naye kwa kiti cha plastiki na haikunijia hata kidogo.

Kwa nini haikunijia? Nimefikiria hili sana, na hapa ndipo niko na maoni yangu, mkiyakataa ni sawa.

Swali la homuweki linakuja likiwa limeshatafunwa. Mtu ameshachagua namba gani ziingie. Ameshakwambia hizi ni za nani. Mwishoni ameandika "tafuta mediani", kwa hivyo huhitaji kujiuliza kama ni mediani inayotakiwa. Wewe unabaki na kazi ya kufuata njia, na kazi hiyo Excel inaiweza, simu inaiweza, hata kalkuleta ya KCSE ukiiwekea vizuri inaiweza. Lakini mathe hakuja na swali. Alikuja na daftari. Hakusema "tafuta mediani", alisema "nitaweza?" Kugeuza "nitaweza" kuwa hesabu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na hiyo kazi sikuwa nimewahi kuifanya hata mara moja katika mara 300.

Alafu kuna kitu kingine ambacho hata mediani isingenipa yote. Ningepanga zile siku 30 kutoka ndogo hadi kubwa, ningepata karibu 480, ningejua siku ya kawaida haiwezi kulipa 350 baada ya chakula. Hiyo peke yake ingemwokoa, kweli. Lakini ukishapanga namba kutoka ndogo hadi kubwa umefuta tarehe, na shida ya mathe ilikuwa kwa tarehe. Angechukua mkopo ule ule tarehe 27 badala ya tarehe 8, siku 8 za kwanza zinamletea faida ya 1,000 kwa siku baada ya chakula na mkopo. Hiyo ni elfu 8 mbele, na siku mbovu za kufuata zinakula 200 moja moja bila kuigusa mtaji. Namba zile zile, wastani ule ule, mediani ile ile. Friji ingekuwa nyumbani hadi leo.

Kwa hivyo binamu, hii ndiyo sehemu yako.

Sikwambii usitumie simu. Mimi mwenyewe natumia, na ningekudanganya nikisema zile programu hazijui takwimu za kuanzia. Zinazijua vizuri kuliko mimi wa 2021, na zinaweza kukueleza n kutoa 1 ukiziuliza. Ndizo zilizoniua kazi: ChatGPT ilitoka mwisho wa Novemba 2022 na oda zangu zilianza kupungua mwanzo wa mwaka uliofuata, ikafika mahali nakesha bure. Sina kinyongo. Wale wateja hawakuhitaji mimi, walihitaji jibu, na jibu limekuwa bei rahisi.

Ninachokwambia ni hiki. Ukiipa simu hilo swali, umeipa sehemu ambayo ilikuwa rahisi tayari. Fine, iipe. Lakini zile namba zilizo kwa swali, zichukue uzichore. Kwa mkono, kwa karatasi, mstari mmoja, nukta moja kwa kila namba. Dakika tatu. Mwaka 1973 mwanatakwimu anayeitwa Francis Anscombe alitengeneza seti 4 za data, kila moja ina jozi 11, na ukizikokotoa zote zinakupa wastani ule ule na mtawanyiko karibu ule ule. Ukizichora, moja ni mstari wa kawaida wenye nukta zimetawanyika, nyingine imepinda kama upinde, nyingine imenyooka ila nukta moja imeruka, na ya nne zimesimama zote pamoja isipokuwa moja iko peke yake mbali. Alifanya hivyo makusudi ili watu waache kuamini namba kabla ya kuangalia. Ningechora nukta 30 za mathe ningeona vilima viwili na jangwa katikati. Hata mtoto wa chekechea angeuliza, "Mbona hapa hakuna kitu?"

Na jiulize zimetoka wapi. Kama swali limesema "mauzo ya siku 12", ni siku 12 gani? Mfululizo au za kuchagua? Kuna Jumapili ndani? Kitabu hakitakujibu na hakuna alama za hilo swali. Mimi nilipata alama za watu wengi sana kwa miaka miwili, wacha nikwambie tu.

Unakumbuka kidato cha nne ile kitu ya wastani wa kudhania? Unachagua namba moja hapo katikati, unaiita A, unatoa A kwa kila kitu ili hesabu iwe rahisi, mwishoni unairudisha. Sote tulifanya hiyo jedwali hadi tukaiota, na KCSE ikipita tukaitupa. Mimi nilimfanyia mathe hivyo hivyo, nikadhania 770, ila sikukumbuka kurudi nyuma.

Mathe alipata friji nyingine mwaka jana. Hakukopa. Alikuwa anaweka 700 kila siku kuanzia tarehe 28 hadi tarehe 5, hizo siku zingine haweki kitu, anakula tu na kuendelea. Hakuniuliza hesabu. Nilijua siku iliyofika ikibebwa na mkokoteni.

Jumapili binamu alikuja kibandani na laptopu yake, ati nimsaidie swali moja la mkahawa wa Marekani, vikombe vya kahawa vilivyouzwa kwa siku 12, tafuta wastani, mediani na mkengeuko sanifu. Alianza kuzisoma kwa sauti, 84, 91, 77, mathe akiwa amewapa mgongo, anageuza samaki.

"Hizo ni za tarehe gani?" akauliza bila kugeuka.

Binamu akaangalia swali juu hadi chini. "Hawajaandika, Anti."

"Sasa watajuaje?" akasema, akaongeza makaa.